Mama Upepo na Pikapu ya Mayai 1,800

Kabla hajanawa uso wake, mama huyu anaanza na gari. Ni saa kumi na moja alfajiri, tochi kaibana kwapani, boneti iko wazi, na mkononi ana chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya jamu. Anafungua kikoki kidogo chini ya chujio la dizeli, anaacha mafuta yatiririke, kisha anainua chupa kwenye mwanga.

“Unaona mstari huu hapa chini? Hayo ni maji,” anasema. “Dizeli na maji ni wakewenza. Ukiwaweka nyumba moja, anayeumia ni injini.”

Mwandishi anamuuliza amejifunzia wapi mambo hayo. Anageuka kujibu, na huku anacheka mkono wake unakirudisha kikoki mahali pake. Shikeni hapo, tutaparudia.

Mtaa mzima unamwita Mama Upepo. Ana miaka arobaini na sita. Miaka kumi na saba ameuza mayai, mingi kati ya hiyo akiyabeba kwenye baiskeli, trei ishirini kwa siku basi. Miezi minane iliyopita alinunua pikapu ya dizeli iliyokwishatembea kilomita laki tatu kwa mtu mwingine. Ni nyeupe, isipokuwa mlango wa kushoto ambao ni wa bluu, na mwenyewe hataki kukusikia ukiucheka.

“Huo mlango ndio alama yake ya kuzaliwa,” anasema. “Wewe huna doa?”

Leo si siku ya mchezo. Ni siku ya mwisho ya mwezi wa majaribio aliopewa na jiko la hospitali: trei sitini kila asubuhi, mayai elfu moja mia nane, yafike kabla ya saa moja na nusu, na yaliyopasuka yasizidi kumi. Akifaulu leo, kazi ni yake mwaka mzima. Akichelewa hata mara moja, kuna mwuzaji mwingine amekaa mkao wa kula.

Safari ya kwanza na pikapu hiyo ilimtoa machozi. Gari lilijengwa libebe tani nzima, na trei sitini hazifiki hata kilo mia moja na hamsini. Springi za nyuma, zile bapa za chuma zilizobebana saba, zilikuwa ngumu kama moyo wa mpangishaji. Kila shimo la barabarani gari liliruka, na mayai yakaruka nalo.

“Nilifungua nyuma nikakuta uji,” anakumbuka. “Mayai zaidi ya mia mbili. Nikasema, Mungu wangu, nimenunua mashine ya kukorogea.”

Alikwenda gereji kuomba springi zipunguzwe. Wanaume waliokuwepo walicheka mpaka wakashika matumbo, maana pale kila mwenye pikapu huja kuongeza chuma ili abebe zaidi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake ilionekana toka mbali.

Fundi wake, mzee mfupi asiyeachana na kofia ya sufu hata jua likiwaka, anakiri kwamba naye alicheka. “Lakini akaniambia, ‘Fundi, wao wanabeba mchanga. Mchanga ukianguka unauzoa. Mimi nitazoa nini?’ Nikatoa bapa mbili.”

Mabadiliko mengine yalifanyika nyumbani. Mume wake ni fundi cherehani, na yeye ndiye aliyeshona magodoro membamba ya sponji yanayokaa kati ya safu za trei, kila moja na tepe zake za kufungia. Jamaa wa kuchomelea akatengeneza fremu ya chuma yenye raba kwenye kona. Siku hizi mayai yanayopasuka njiani ni matatu, manne.

“Mayai yanalala pazuri kuliko mimi,” mume analalamika, akikata nyuzi kwa meno. “Godoro letu lina bonde katikati. Nikimwambia tununue jipya, ananijibu, ‘Kwani wewe utapasuka?’”

Sasa hilo jina la Upepo.

Ilikuwa wiki yake ya tatu na gari. Asubuhi moja lilizimika njiani na likagoma kuwaka. Akampigia fundi simu. Fundi akasikiliza kidogo, akauliza kama aliachia dizeli iishe kabisa kwenye tangi. Mama akakubali, iliisha jana yake. Fundi akasema maneno ambayo mafundi husema kila siku: “Basi hilo limeingia upepo, dada. Toa upepo wote, halafu piga stata.”

Mama akashuka. Akatafuta kijiti, akachuchumaa.

“Nikatoa, baba wee! Tairi la kwanza, la pili, la tatu, la nne,” anasimulia, akijifuta machozi ya kicheko. “Nikawa najiuliza, huyu fundi ana akili sawasawa? Lakini nani mimi nibishane na fundi? Nikatoa mpaka la akiba.”

Akampigia tena kumwarifu kuwa upepo umetoka wote na bado gari haliwaki.

“Nikamuuliza, umetoa wapi?” fundi anasema. “Akasema kwenye matairi. Nikakaa chini. Yeye akadhani mtandao umekatika, kumbe mimi ndiye niliyekatika.”

Upepo uliotakiwa ulikuwa hewa iliyoingia kwenye mpira wa dizeli. Mayai yalifika kwa mwoka mikate saa nane mchana. Mwoka mikate hakugomba. Alimwonyesha tu trei za mtu mwingine zilizokwishapangwa dukani, akamtakia kazi njema. Alikuwa mteja wake wa miaka tisa.

“Hilo liliniuma kuliko kuchekwa,” anasema, na safari hii hacheki. “Nilimpoteza kwa neno moja ambalo sikuuliza maana yake. Nikaapa hakuna neno la gari hili litakalonipita tena.”

Kila Jumamosi kwa miezi mitatu alikaa gereji juu ya tairi bovu, daftari mapajani. Hakuna kilichopona na maswali yake. Fundi anasema aliulizwa mpaka vitu alivyovifanya miaka thelathini bila kujua kwa nini. Leo mama huyu anabadilisha oili mwenyewe kila kilomita elfu tano, anapaka grisi, na chujio halijui mkono mwingine.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, mayai yakiwa yamelala nyuma na mwandishi akiwa kiti cha mbele, pikapu inakohoa. Inakohoa tena. Kisha inazima, kilomita sita kabla ya hospitali.

Mama Upepo anashika usukani kwa mikono yote miwili. Mwandishi roho mkononi.

“Kikoki,” anasema polepole. “Ulinisemesha nikifunga kikoki.”

Ni kweli. Chini ya boneti kikoki kimelegea kiasi cha nusu mzunguko, na kilipolegea, mfumo ukavuta hewa. Mwandishi anaomba radhi. Anapewa tambara na kuambiwa asimame pembeni afunge mdomo.

Mama anampigia fundi, si kwa sababu hajui la kufanya, bali, kama anavyosema, msiba usio na mwenzio ni mzito. Sauti inatoka kwenye simu iliyowekwa juu ya betri: “Toa upepo, dada.”

“Wa wapi?” anauliza.

Simu nzima inacheka. Yeye hacheki. Anakaza kikoki, analegeza skurubu ndogo juu ya chujio kwa spana namba kumi, na kuanza kubonyeza pampu ya mkono. Povu linatoka, likitema kama maziwa yanayochemka. Anabonyeza, anahesabu kwa midomo, jasho linamdondoka kidevuni. Povu linapungua, vinabaki vipovu viwili vitatu, kisha dizeli inatoka safi, bila kipovu hata kimoja. Anakaza skurubu, anapanda, anapiga stata.

Mara ya kwanza hakuna kitu. “Jikaze, mwanangu,” anaiambia pikapu. Mara ya pili inanguruma, mlango wa bluu unatetemeka, na mama anapiga kelele ambayo haiandikiki gazetini.

Wanaingia lango la jiko saa moja na dakika kumi na nane. Mtunza stoo, mzee wa miwani asiyejua kutabasamu, anatazama saa yake, kisha anakagua trei moja moja bila haraka, magodoro yakifunguliwa tepe kwa tepe. Mama amesimama, mikono yake ya mafuta meusi kaificha nyuma ya kanga.

“Mawili,” anasema mtunza stoo. Anavua miwani. “Jumatatu lete trei themanini.”

Mama Upepo anashukuru kwa heshima zote, anatembea taratibu mpaka nje, na akifika kwenye pikapu anaegemeza paji la uso kwenye mlango wa bluu. Analia. “Umesikia?” anauliza gari. “Themanini.”

Mpango wake ni pikapu ya pili, ya mdogo wake wa kike anayesaidia kukusanya mayai. Mdogo huyo ataiendesha mwenyewe, lakini atapitia kwanza lile tairi bovu la gereji, na daftari lake.

Na kuna jambo dogo la leo leo. Miezi minane yote kibao cha nyuma cha pikapu kimebaki kitupu, wakati magari ya wenzake yamejaa majigambo, kwa sababu alikataa kuandika chochote kabla gari halijamthibitishia. Sasa anamwita mchoraji. Anampigia fundi kumpa habari hizo.

“Utaandika nini?” fundi anauliza.

“Neno moja tu. ‘Nimeutoa.’”

Fundi anamrudishia swali lake:

“Wa wapi?”

“Wa kote, fundi wangu,” anasema Mama Upepo, akiwasha gari. “Wa kote.”