Mwizi, Mpaka Ijulikane Vinginevyo

Nyundo alikuwa mlinzi wa lango la nyuma la ghala la rangi. Jina hilo alilipata ulingoni enzi za ubondia, kwa kuwavunja wenzake mataya. Nyumbani alikuwa mtu mwema, sikatai, ila mkono wake ulizoea kuitangulia akili.

Pale langoni walinzi waliletewa kompyuta yenye kamera. Ilifundishwa kufikiri kama tufikirivyo sote tukikosa habari kamili: anayetoka na mzigo bila ruhusa ni mwizi, maadamu halijajulikana la kumtoa hatiani. Likijulikana, inafuta kauli yake papo hapo, bila haya. Chini ya kila hukumu iliandika "kwa ninayoyajua sasa". Walinzi waliubandika plasta mstari huo, wakisema mashine isiyojiamini inawachekesha wezi.

Mchana mmoja, mtu aliyevaa kinyago cha kuchomelea alitoka mbio akiwa amekumbatia mtungi wa gesi. Kioo cha kompyuta kikawa chekundu: MWIZI. Nyundo alimkata mtama, mtungi ukabingirika hadi mtaroni, rungu likashuka begani, mbavuni, kichwani. Yule mtu alikuwa akisema kitu ndani ya kinyago, lakini nani alikuwa na masikio? Damu ikamchuruzika shingoni.

Mara kengele ya moto ikalia. Karakana ya pale ghalani ilikuwa inawaka, na kompyuta ilipopata habari hiyo ikaelewa kwamba mtungi ulikuwa unaokolewa usilipuke. Kioo kikawa kijani: SI MWIZI.

Nyundo alikiona. Hapo ndipo ninapomchukia. Kama huyu si mwizi, yale mapigo ya kwanza yalikuwa ya nini? Akaona heri abaki mwizi. Akapiga tena, na tena, hadi wenzake walipomvuta.

Walipokivua kinyago wakamkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji wa pale pale, aliyembembelezea Nyundo hiyo kazi ya ulinzi. Taya lilikuwa limening'inia. Alikata roho kabla gari halijafika.

Jioni nyumba ilijaa watu. Waliokuja kuhani walimpa Nyundo pole, wakasema mashine ndiyo imeua, yeye alitii tu, na ajali haina kinga. Mkewe hakulia. Alikuwa ameshasikia kwa mmoja wa walinzi habari za ile rangi ya kijani. Akamwita chumbani, akafunga mlango.

"Baba watoto, mashine ilipobadili kauli, kaka yangu alikuwa hai?"

Nyundo aliitazama mikono yake. Angeweza kudanganya, lakini walikuwa wameishi pamoja miaka mingi mno.

"Alikuwa anapumua."

"Na wewe ukakiona kioo."

"Nilikiona."

Mkewe akaketi kitandani, akajifunika khanga usoni.

"Basi nenda kawaambie wanaoilaumu mashine."

Sebuleni walikuwa wamekaa ndugu wengine wa marehemu, wanaume tupu. Nyundo akafungua mlango.