Viza za Nyanut

Kuol alimnunua jogoo wake Lodwar, mwaka 2012, na alimchagua kama Mdinka anavyochagua maksai wa kuimbiwa: kwa rangi na ukubwa. Maksai huyo huwa amehasiwa, lakini Kuol hakulifikiria hilo. Vita vilikuwa vimemaliza ng'ombe wake wote. Akampa jogoo jina la ng'ombe mweupe, Mabior, akampakia kwenye lori hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akawa anamwimbia jioni.

Mkewe, Nyanut, alikabidhiwa Mabior na mitetea saba. Alikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe wake, Agot, alitoa sharti mbele ya majirani: "Mvua isipite bila vifaranga. Mkono unaoshindwa hata na kuku una kazi gani nyumbani kwa mwanangu?" Kila mtu alielewa. Angeletwa mke mwingine.

Mitetea waliatamia mara mbili, na mara mbili mayai yakaoza. Mara ya tatu, siku ya nane, Nyanut alimwita jirani, Mama Nzigire, Mkongo aliyefuga kuku tangu Bukavu. Wakajifunika kitenge, Mama Nzigire akaweka yai juu ya tochi ya simu. Mwanga ulipita mtupu, bila mshipa wa damu hata mmoja.

"Viza," akasema. Akachukua jingine. "Viza. Yote viza, dada."

Nyanut, aliyejifunza Kiswahili kwenye foleni za mgawo, akashika mdomo. "Viza? Ya Amerika?"

Mama Nzigire alicheka mpaka kitenge kikaanguka. "Tungepanda ndege na kuku zako! Yai viza ni yai ya bure. Mtoto hamna ndani."

Nyanut akaitazama mikono yake.

"Acha mikono. Tazama bwana yule."

Mabior alikuwa akitweta kivulini, manyoya mazito hadi mkiani. Akampanda mtetea mmoja, akateleza, akaanguka ubavu.

"Unene, joto, na labda mbegu yenyewe hana. Mimi ningeshampika."

Nyanut alitoa kitenge chake cha kanisani, akapewa jogoo mwekundu, mkondefu, wa Nakeno, Mturkana muuza makaa. "Hana nyama," Nakeno alimwambia, "lakini aibu pia hana." Mabior akafungwa kamba kando. Safari hii, mayai kumi na moja yalitoa vifaranga tisa.

Aliwabeba kwenye karai hadi kwa Kuol, aliyekuwa ameketi na mama yake. "Mikono ni ileile," akasema. "Mitetea ni walewale. Nimebadilisha jogoo tu."

Alikuwa akizungumzia kuku. Alipouona uso wa mumewe ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Agot ndiye aliyejibu. "Huyo mwekundu ana kelele. Na Jumapili tuna wageni."

Wageni walikuwa wajomba wa msichana anayeitwa Akuol, waliokuja kupatana mahari. Walimla jogoo mwekundu wakasema nyama yake ngumu. Nyanut ndiye aliyempika.

Mwaka 2013 ulipokaribia kwisha, Mabior, aliyerudishwa kwa mitetea, alikuwa bado anaimbiwa, na Akuol, mke mpya, naye alikuwa ameanza kutazamwa tumbo. Siku moja alimletea Nyanut yai na simu. Wakajifunika kitenge.

"Viza," Nyanut akamwambia.

"Ya Amerika?"

Nyanut hakucheka. "Ya hapahapa."