Mdaiwa Muungwana wa Titye

Mnicheke taratibu, wasomaji. Mimi ni afisa mikopo hapa Kasulu. Mteja wetu mmoja wa Titye, Elias Ntahondi, aliweka rehani mashine yake ya kusaga, kisha akaacha kulipa. Nilipoisajili rehani ile kutoka kwenye fomu zake, bila kuonana naye, niliandika majina mawili tu, kama anavyoitwa kijijini. Lile la tatu la kwenye kitambulisho niliona linanichelewesha.

Wiki iliyopita nikaenda na dereva wa pikapu kuikamata mashine. Nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba.

"Mwakeye, mzee. Wewe ndiye Elias Ntahondi?"

"Ndiye mimi. Karibu sana."

"Nimefuata mashine."

"Mungu mkubwa! Nimekusubiri mpaka nikakata tamaa."

Kazi hii imewahi kunikimbiza mbele ya mapanga. Huyu mzee alinipa kiti, na mkewe akaleta ugali na maharage. Tulipomaliza kula aliifungua mashine kwa mikono yake, akatusaidia kuipakia huku jasho likimtoka, akinishukuru kwa kufika. Nikasema moyoni kwamba sijawahi kumwona mdaiwa muungwana hivi. Nikamwahidi hata kumsemea kwa meneja, naye akaitikia tu, "Asante, mwanangu."

Nikampa karatasi ya makabidhiano asaini. Akavaa miwani, akaisoma polepole hadi mwisho, kisha akanitazama kwa upole uleule.

"Mkopo? Mimi sijawahi kukopa hata chumvi. Akina Elias Ntahondi tuko wawili hapa, mwenzangu anakaa ng'ambo ya mto. Kwani wewe si fundi?"