Kilio cha Mbwana

Mwanarehema wa Mtongwe alikuwa fundi wa vipuli vya masikio katika karakana moja ya Bombolulu, mguu wake wa kushoto umepooza tangu utotoni. Mwaka wa 1997, miaka mingi baada ya kufiwa na mwanawe mchanga, Mbwana, alianza kumsikia akilia. Kilio kilimjia mchana, yuko kazini, kikitokea nyuma ya sikio lake, na kifua kikamwasha kama cha mama anyonyeshaye.

"Wamsikia?" alimwuliza mumewe, Kombe.

"Simsikii, mke wangu. Mbwana tulishamzika."

Jamaa wakamsomea dua, wakamfukizia ubani. Wapi! Siku alipoanguka akitetemeka mbele ya meza yake, hospitali ikagundua uvimbe ndani ya ubongo. Mjerumani mmoja, mnunuzi wa vipuli vyao, akamtafutia matibabu kwao. Huko walikuwa na upasuaji wa namna mpya: katikati ya kazi madaktari husimama, mgonjwa akaingizwa kwenye mashine ya sumaku kichwa kikiwa bado wazi, ikapigwa picha kuona kilichobaki.

Alipozinduka, palikuwa kimya nyuma ya sikio. Daktari akamwonyesha picha mbili, mkalimani akieleza.

"Tulidhani tumemaliza. Picha hii ya kwanza ikatuonyesha kidoa hiki." Kilikuwa cheupe, kama punje ya mbaazi. "Tukarudi, tukakitoa."

Katika picha ya pili, pahala pale palikuwa peusi tu. Mwanarehema akaweka kidole juu ya kile cheupe, asikiondoe mpaka daktari alipozichukua picha zake.

Akarudi nyumbani mzima. Hakuanguka tena. Lakini kazini aliweza kuacha koleo ghafla, shingo kaipinda, akisikiliza.

"Kwani bado wamsikia?" akauliza Agneta, aliyekaa naye meza moja.

"Sisikii kitu. Wangeiacha ile mbaazi, Agneta, pengine ningebaki naye."

"Ungekufa, dada."

"Najua."

Siku ya maziko ya Mbwana alikuwa amebaki nyumbani na wanawake wenziwe. Kaburi hakupata kuliona. Ijumaa moja akamwambia Kombe, "Nipeleke alipo mwanangu."

Kombe akasita, kisha akavaa kofia. Walikwenda polepole kwa ajili ya mguu wake. Makaburini Kombe akafunua majani hapa, akafunua pale, akageuka huku na huku. Mwishowe akasimama baina ya vituta viwili vidogo visivyo na alama.

"Ni kimojawapo cha hivi," akasema.

Mwanarehema akaketi katikati. Akang'oa magugu upande mmoja, kisha akageukia wa pili.