Kosakosa wa bokilo wangu

Mjukuu wangu wa kike anajifunza Kiingereza hapa Mangobo. Mwalimu aliwaambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani, akieleze mbele ya wenzake. Yeye akachagua kosakosa, wale kamba wa mtoni. Nikafurahi. Nimetega vikapu vya kosakosa upande wa Yanonge tangu utoto, na wanawake niliotega nao nawakumbuka wote kwa majina, hata waliokufa.

Lakini mtoto hakuniuliza mimi. Alikwenda kwa bokilo wangu, mama ya baba yake, aliyefanya biashara Kampala miaka mingi. Akarudi na beseni la kosakosa hai.

"Koko, kwa Kiingereza iko 'prawn'! Wamarekani wanasema 'shrimp'. Wengine wanasema mukubwa ni 'prawn', mudogo 'shrimp'. Koko ule amenifundisha yote."

Koko ule! Yaani bibi yule mwingine. Mimi shule niliiacha mwaka wa pili.

Alipoingia kuoga, nikamwaga maji ya beseni, nikawapanga kosakosa wote juu ya moshi. Nilijiambia wataoza. Uongo. Nilitaka tu beseni la yule mwanamke liwe tupu.

"Koko, walikuwa wa kuonyesha kesho!" Mtoto akalia kimya, akanipa mgongo.

Asubuhi nikajifunga liputa, nikaenda kwa bokilo kuomba wengine.

"Wa jana wako wapi, mama?"

"Nimewakausha."

"Wote? Eh! Wivu mpaka kwa kosakosa!" Akacheka hadi akashika ukuta. "Bon, tutapata wengine sokoni. Lakini nitamupelekea mimi mwenyewe."

Tukanunua wengine hai, tukawatia ndani ya ndoo ya maji. Tukapanda pikipiki moja, mimi nyuma yake, ndoo mapajani mwangu, maji yakinilowesha.

Darasani mtoto alimkimbilia yeye kwanza. Kisha akaingiza mkono ndani ya ndoo, akaurudisha haraka.

"Ananifinya! Koko, nisaidie!"

Bokilo akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nikamshika kosakosa mmoja mgongoni, nyuma ya kichwa, mahali mikono yake mirefu haifiki, nikamwinua juu wote wamwone.

"Anaitwaje?" mwalimu akauliza.

"Prawn," mtoto akajibu, vizuri kabisa, akimtazama bokilo wangu aone kama amesema sawa. Bokilo akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikaendelea kushika.