Nilificha Fomu, Mama wa Watu Akakosa Meli

Nimekosa! Nasema mapema ili msije mkanihurumia mkifika katikati. Sikuteleza, wala sikushawishiwa na mtu. Ni wivu, wallahi, wivu mtupu. Naandika kwa Kiswahili nilichokiokota Zanzibar nikiwa mwanafunzi, maana nikiandika kwa lugha ya nyumbani, Moroni nzima itanijua kabla ya adhuhuri.

Wakati ule kisiwa cha Nzuani kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, na safari baina ya visiwa zimebanwa. Nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa meli, hapa Moroni, na tawi letu lilikuwa Mutsamudu, huko Nzuani. Kompyuta zote zilikuwa chini yangu. Printa ikitafuna karatasi, naitwa mimi. Nilijiona mfalme!

Akaja Nasri. Si jina lake, lakini tumwite hivyo. Mwanzuani, kijana mpole, mgogoro ulimkuta Moroni akashindwa kurudi kwao. Bosi akampa kazi, na mwezi haujaisha kijana kashatengeneza kitu. Tulikuwa na kalenda ya pamoja, ofisi nzima na tawi tunaiona, na kila abiria ana miadi yake humo. Fomu ya kawaida ilionyesha saa na jina tu. Nasri akaunda fomu yake: ukifungua jina unaona sababu ya safari, namba ya barua ya daktari na, kama ni mgonjwa, mtu atakayempokea.

Bosi alishangilia utadhani timu yake imefunga bao. "Huyu ndiye mwenye kichwa!" Na mimi je? Mimi nilibeba boga shingoni miaka yote ile?

Ningevumilia ya ofisini. Lakini kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, nyumba ni ya mke, na Ijumaa moja nilimkaribisha Nasri humo kwa sababu haifai mgeni kula peke yake. Mama mkwe akampakulia mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, na kipande cha samaki kinono kuliko vyote. Nikasogeza sahani yangu. "Wewe umeshazoea, subiri," akaniambia. Miaka sita nimekaa katika nyumba ile, sijawahi kukiona kipande kama kile! Mke wangu naye anacheka kila Nasri akifungua mdomo, eti Kinzuani chake kitamu. Niliumia, jamani. Usinicheke, niliumia kweli.

Jumatatu yake niliingia ofisini mapema. Fomu zetu zilikaa kwenye maktaba ya seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, na wenye ruhusa ya kuigusa tulikuwa wawili tu, mimi na Nasri. Nikaihamisha ya kwake nikaificha. Dakika moja haikufika. Nia yangu ilikuwa aaibike siku mbili tatu, halafu mimi niirudishe nisifiwe.

Mambo yakaenda kama nilivyotaka, na ndiyo balaa lenyewe. Kila aliyefungua kalenda aliona fomu ya zamani, saa na jina, basi. Habari za wagonjwa zilikuwa bado zimo ndani, ila hakuna pa kuzionea. Nasri akahangaika, akazima, akawasha. Kwake ilifunguka vizuri, kwa sababu mashine yake ilikuwa imebakiwa na nakala.

"Mbona kwangu inaonekana!" akasema.

Wenzetu wakatazamana. Bosi akaniita pembeni. "Nani anaweza kuigusa fomu hii?"

"Yeye," nikajibu. Nilikata jina langu hapo hapo, mchana kweupe.

"Mwanzuani huyu anatuchezea," bosi akasema, akamtoa kwenye kompyuta siku ileile, na mashine yake ikafungiwa.

Na siku ileile ikaja habari kwamba meli moja imepewa ruhusa kwenda Mutsamudu kuchukua wagonjwa. Orodha ilitakiwa alasiri. Bila fomu, ikabidi iandikwe kwa kukumbuka. Nasri akasema mama yake yumo kwenye kalenda, anaishi Mirontsy, macho yanakufa, na daktari wa macho yuko Moroni wiki hii tu.

"Barua yake namba ngapi?" bosi akamuuliza.

"Imo kwenye fomu."

"Fomu ipi? Sasa unataka kutuingizia ndugu zako!"

Nasri akanifuata mezani. Alinishika mkono. "Kaka, nimekula kwako. Niangalizie tu."

Nikafungua. Kwangu pia nakala ilikuwa imebaki! Nikaliona jina la mama yake, macho, namba ya barua, na anayempokea: mwanawe. Nikafunga. "Hata kwangu haionekani," nikamwambia. Moyoni nikajidanganya kwamba wiki ijayo itakuja meli nyingine.

Haikuja. Ilipita miezi mingi.

Fomu niliirudisha kesho yake, nikapongezwa, nikapandishwa cheo. Nasri alifukuzwa. Mke wangu alipouliza mbona haji tena Ijumaa, nilitapika yote. Hakupiga kelele. Alinifungia nguo zangu akaniambia, "Kalale kwa mama yako mpaka ukamwombe Nasri radhi."

Njia zilipofunguliwa Nasri akarudi kwao, nami nikamfuata. Kutoka bandarini Mutsamudu hadi Mirontsy si mbali, lakini nilitamani teksi iharibike. Nasri alinipokea mlangoni. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Nilijua," akasema. "Ruhusa tulikuwa nayo wawili, na mimi sikuigusa."

"Kwa nini hukusema?"

"Moroni wakati ule, nani angeniamini mimi akuache wewe?" Kisha akanisogeza ndani. "Radhi muombe mama. Ila hajui kompyuta. Mweleze mpaka aelewe."

Mama alikuwa ameketi mkekani. "Kwezi," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia wakubwa. "Mbona," akaitika, maana ndivyo kwetu inavyojibiwa, akielekeza uso upande nisiokuwepo. Nikaanza kueleza fomu, kalenda, maktaba, nakala. Nilijikanyaga kwa maneno. Yeye akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwa hiyo jina langu lilikuwemo?"

"Lilikuwemo, mama."

"Na wewe ulikuwa unaliona?"

"Nilikuwa naliona."

Halafu akamwambia mwanawe, "Mpe chai, aende zake."

Chai niliinywa. Sijui kama nilisamehewa, na sikuthubutu kuuliza. Mke wangu kanirudisha, lakini hanitazami kama zamani.

Ndugu msomaji, siku kazi ya mwenzio itakapokuchoma roho, ondoka kwenye mashine! Kaswali, kaoge, kagombane na ukuta, lolote lile, ila kitu chake usikiguse. Mimi fomu niliirudisha kwa dakika moja. Macho ya mama yule nimeshindwa.