Kuinuka Mkekani

Siku ya kumzika mume wangu nilishindwa kuinuka. Huzuni nilikuwa nayo tele, lakini kilichonishinda ni tumbo. Tangu nizae mapacha, misuli ya katikati iliachana na haikurudiana tena. Nikitaka kusimama kutoka chini, ilinibidi nigeuke ubavu, nishike kitu, nijivute. Pale kwenye mkeka wa kilio, katikati ya wanawake waliojaa uani kwetu Kamalondo, hapakuwa na cha kushika, na gari la maiti lilikuwa linasubiri. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akanikamata mkono mmoja, mwanamke mwingine akakamata wa pili, wakanivuta. Kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mtu akacheka.

“Mama mapasa,” wifi alisema, akiniita kwa wale mapacha wangu, akisikika mpaka barabarani, “uko muzito sawa mufuko ya unga! Utaniangusha!”

Ningemsamehe. Kwenye kilio watu wamechoka, maneno huponyoka. Lakini yeye aliigeuza kuwa hadithi yake. Aliisimulia mlangoni mwa kanisa, aliisimulia sokoni, hata kwenye harusi za watu. Na kila mara aliimaliza kwa jambo lile lile. Katika ukoo wao, siku mjane anapovua nguo nyeusi, dada wa marehemu ndiye humshika mkono na kumwinua mkekani.

“Ni mie nitamuinua,” alisema. “Bila mie, atabakia pale chini.”

Nilicheka nao kwa midomo. Moyoni niliapa kwamba siku hiyo nitainuka mwenyewe, na mkono wake ubaki hewani.

Nikaanza kutafuta kifaa cha kukaza tumbo. Simu ilinionyesha wazungu wenye matumbo bapa, kila mmoja na chombo chake, kila mmoja akitabasamu kama hajawahi kuzaa. Nikaenda Kenya, si nchi bali mtaa wa jirani na Kamalondo, kwa muuza vitu vilivyotumika Ulaya. Alinifunga kwanza mkanda wa kutikisa tumbo, juu ya nguo zangu nyeusi, akawasha jenereta. Nikatetemeka mpaka mashavu.

“Na kuran ikikatika?” nikamuuliza, maana kwangu hakuna jenereta.

“Mama, unangojea irudie.”

Nikamwambia anifungue. Kama ni kungoja umeme wa kwetu, wifi angeniinua mara kumi. Akanionyesha benchi jekundu lenye pa kubania miguu, zuri kweli. Lakini nyumba yangu naijua: wiki ya kwanza lingekaliwa na wageni, wiki ya pili lingeanikwa nguo. Mwisho akatoa gurudumu dogo lenye mpini huku na huku. Akapiga magoti, akalisukuma mbele mpaka kifua kikakaribia chini, akarudi bila shida. Nami nikapiga magoti pale pale kwenye saruji. Kwenda nilikwenda. Kurudi ndiko hakukuwepo, nikabaki uso chini huku wapita njia wakiniruka. Nililinunua kwa hasira tu, ili yule muuzaji asinicheke.

Nikalipeleka hospitali, kwa mama anayefundisha watu mazoezi ya viungo. Akanilaza, akabonyeza juu ya kitovu, vidole vikazama.

“Hii roue itakuumiza,” akasema, akilisukuma gurudumu kando. “Uiweke kwanza. Misuli yako iko mbalimbali. Unalala chini, unapumua, unainua kichwa tu. Kichwa tu, mama.”

“Na kifaa?”

“Uko na mukeka?”

Mkeka! Nilikuwa nao, ule ule wa kilio, umekunjwa nyuma ya mlango. Hasira ilinipanda, kisha nikacheka peke yangu njia nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ndani hapakuwa na nafasi, kwa hiyo asubuhi niliutandika uani. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akamwona mjane mwenye nguo nyeusi amelala mkekani, anahema na kuguna. Kwetu mkeka ukionekana uani asubuhi una maana moja. Akajishika kichwa, akapiga yowe. Wanawake wakaja mbio wakilia, wakifunga vitenge vyao, mmoja tayari amebeba mbabula, jiko la makaa la kupikia kilioni. Nami kuinuka haraka niwazuie ndiko kulikonishinda.

“Nani alikufa?”

“Hakuna,” nikawajibu nikiwa chini. “Minafanya mazoezi ya tumbo.”

Waliondoka wamekasirika, maana walikuwa wamelia bure. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imemfikia wifi, naye akaja mpaka ndani ya lupango, uani pangu.

“Mujane kutupatupa miguu mu lupango? Unatafuta bwana mwingine? Ndugu yangu alikufa juzi tu!”

“Minatafuta kusimama, yaya,” nikamwambia kwa heshima ya dada mkubwa. “Bwana, kama anakuya, atanikuta nasimama.”

Alisonya, akaondoka. Kesho yake nikatandika tena, mahali pale pale, nikaacha na lango wazi. Anayetaka kutazama, atazame! Mume wangu nilimpenda, na nilimlia vya kutosha. Tumbo ni langu. Kichwa kikainuka, baada ya miezi yakaja mabega, kisha mgongo mzima. Jirani aliyepiga yowe aliacha kulia, akaanza kunikosoa kutoka ukutani: “Mama mapasa, ile muguu hainyooki!”

Siku ya kuvua nguo nyeusi ikafika. Ua ulijaa. Niliketi mkekani, miguu imenyooka mbele, kama inavyotakiwa. Wifi alikuja na kitenge kipya, akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono huku uso wake ukiwatazama watu. Nilijua mufuko ya unga uko tayari mdomoni mwake.

Nikavuta pumzi. Nikakunja miguu, nikainama mbele, nikainuka, bila kugeuka ubavu, bila kugusa chini. Mkono wa wifi ulikuwa bado pale, umenyooshwa.

Mzee mmoja wa ukoo wao akakohoa, maana desturi inataka anayemwinua mjane ajitaje.

“Sasa, nani anamuinua?”

“Mie,” nikasema.

Nikainama, nikaukunja mkeka wangu, nikaubana kwapani. Kesho asubuhi nilikuwa na kazi nao.